UZI: Mchoro wa matunda wa Kiholanzi uko mnadani. Tusome katalogi, tuugeuze nyuma, ndipo tutaje bei

Mwananyundo (mwanzisha uzi)

Wakuu, msimu wa minada ya wachoraji wa kale London na Amsterdam ukikaribia, swali ni lile lile: kuna mchoro wa matunda unavutia, makadirio pauni 15,000 hadi 20,000, je ni mali au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Tufanye kazi na mstari wake wa katalogi, maana mingi imekaa hivi hivi:

*Circle of Jan Davidsz. de Heem. Zabibu, pichi, komamanga lililopasuka na limau lililomenywa nusu, juu ya sahani ya bati ukingoni mwa meza. Bears signature. Mafuta juu ya ubao wa mwaloni, sm 47 × 63. Umiliki: mkusanyo binafsi, Ubelgiji.*

De Heem, mchoraji wa matunda, alizaliwa Utrecht 1606, akafa Antwerp 1683 au 1684. Mwanawe Cornelis alichora matunda, mwanawe mwingine Jan naye alichora, na walioiga mkono wake waliendelea hadi karne ya 19. Kwa hiyo neno linalotangulia jina ndilo linalouzwa. Jina tupu bila neno mbele: nyumba ya mnada inasema ni kazi yake. *Attributed to*: wanadhani ni yake, hawaapi. *Studio of*: imetoka karakana yake, pengine chini ya macho yake. *Circle of*: mkono usiojulikana, lakini wa zama zake na wa karibu naye. *Follower of*: anayemfuata kwa mtindo, si lazima awe mwanafunzi wake, na pengine alikuja baadaye. *Manner of*: mtindo wake, ila umechorwa baadaye, mara nyingi baadaye sana. *After*: nakala ya mchoro unaojulikana.

Sasa tazama *bears signature*. Hawakusema *signed*. Maana yake sahihi ipo, ila hawadai kwamba aliiweka yeye.

Jambo ambalo wengi hulipita: dhamana ya uhalisi, ambayo kwenye nyumba kubwa huwa ya miaka mitano, inashika kichwa cha habari tu. Maelezo marefu yaliyo chini, hata yakimtaja profesa, hayamo. Na ukinunua *circle of* halafu ikathibitika kuwa ni ya mtu mwingine wa zama zile zile, huna kesi.

Karibuni mchambue. FundiVanishi, anza wewe na upande wa nyuma.

---

FundiVanishi

Asante mkuu. Ombeni picha ya nyuma kabla hamjaomba kitu kingine. Mchoro usio na picha ya nyuma ni wa kuuacha ulipo.

Ubao wa mwaloni wa karne ya 17 kwa ukubwa huo huwa na unene wa takribani mm 8 hadi 10, na kingo za nyuma zimechongwa kwa mshazari ili ziingie kwenye fremu. Kwa mchoro uliolala, nyuzi za mbao hukimbia kwa upana, kushoto kwenda kulia. Kwa sm 47 za urefu kwa kawaida ni vipande viwili vilivyounganishwa, kwa hiyo tafuta mstari wa kiungo mbele na nyuma. Kama mstari umeachia, rangi ya juu yake imeshajazwa na kupakwa upya, na ukipita kwenye pichi, pichi hiyo nusu yake ni ya fundi wa juzi.

Ukiona nyuma kuna fito zimepangwa kama dirisha la wavu, hiyo ni kazi ya karne ya 19 au mwanzo wa 20. Waliupunguza ubao hadi ukabaki mwembamba, wakagundisha fito ili usipinde. Tatizo ni kwamba mbao hupanuka na kusinyaa kukata nyuzi. Fito zikigoma kuteleza, ubao hauna pa kwenda ila kupasuka. Pia mshazari wa kingo na alama zote za nyuma hupotea katika kupunguzwa. Mbao za Antwerp zilipigwa chapa ya moto ya mikono miwili na ngome, na chapa hiyo ikiwepo ni nzuri sana kwa mchoro wa mzunguko wa De Heem, maana alifanya kazi huko.

Pete za mbao: mwaloni mwingi wa michoro hii kabla ya katikati ya karne ya 17 ulitoka nchi za Baltiki. Mtaalamu husafisha ukingo unaokata nyuzi, hupima upana wa kila pete na kulinganisha na kalenda ya eneo hilo. Matokeo yanakuambia mti haukukatwa kabla ya mwaka fulani. Yanaweza kuua jina: kama pete ya mwisho ni ya 1690, De Heem alikuwa kaburini. Hayawezi kuthibitisha jina, kwa sababu ubao wa kale unaweza kuchorwa na mtu yeyote, siku yoyote.

Kwa turubai habari ni nyingine. Karibu zote zimegundishwa turubai ya pili nyuma. Ikiwa nyuma ni ya kahawia, inang'aa, ngumu na inanukia nta, hiyo ni nta na utomvu, njia ambayo fundi Nicolaas Hopman aliitumia kwa mchoro wa «Night Watch» wa Rembrandt mwaka 1851. Joto na mgandamizo wake hulaza matuta ya rangi, na nta ikipenya hufanya sehemu nyepesi ziwe nyeusi. Ngozi ya limau ikiwa bapa kama imepigwa pasi, mmeshajua.

---

Kidole Gumba

Mkuu FundiVanishi, na sahihi je? Hapo imeandikwa J. De Heem, herufi safi kabisa. Si inapandisha thamani?

---

FundiVanishi

Inapandisha bei ya wasiojua. Fanya hivi: chukua kioo cha kukuza mara 10. Herufi ya zamani imepasuka pamoja na rangi iliyo chini yake, ufa unapita katikati ya herufi na kuikata. Herufi ya baadaye imeingia ndani ya ufa, rangi yake imetuama humo kama maji ya mvua mtaroni. Halafu zima taa, washa tochi ya UV. Vanishi ya utomvu wa asili iliyozeeka hung'aa kijani-njano. Sahihi ikionekana nyeusi ikielea juu ya ule mng'ao, imewekwa juu ya vanishi, basi kesi imekwisha.

Mtego mwingine: sahihi halali ya mtu asiye na soko hufutwa, ya De Heem ikawekwa. Kwa hiyo tazama kama pale ilipo sahihi pamesuguliwa kuliko jirani yake.

---

Danzi

Naingia kwenye matunda yenyewe, kwa sababu hapo ndipo hali ya mchoro inasomeka wazi kuliko ripoti yoyote.

Kwanza msiite kila duara la rangi ya chungwa «chungwa». Lile lenye ngozi ya vinundu na jani lililoachwa kwenye kikonyo mara nyingi ni danzi, lile chungu.

Chukueni zabibu moja ya kijani, kama sm 1.5 kwenye ubao, muitazame kwa kioo. Mafunzo ya Willem Beurs, yaliyochapwa Amsterdam mwaka 1692, yanaeleza zabibu hatua kwa hatua, na ukiyasoma huku unatazama mchoro unaona tabaka moja moja. Chini kuna rangi ya mwili, kijani cha wastani kisicho na mwanga. Upande wa dirisha kuna nukta nyeupe, ndogo, yenye ukingo mkali. Upande wa pili, pale ambapo macho yanatarajia giza, kuna mwezi mwandamo wa njano-kijani, kwa sababu mwanga umeingia kwenye nyama ya tunda na kutokea huku. Mkopiaji hulisahau hilo, anatia giza pande zote na tunda linakuwa kokoto. Mwisho kabisa, juu ya yote, kuna ule utando wa buluu-kijivu, unga ambao ukigusa zabibu kwa kidole unafutika. Mchoraji ameupaka mwembamba, karibu mkavu, na kuuacha uchakae mahali mahali kama ulivyo kwenye tunda.

Utando huo ndio tabaka la mwisho, kwa hiyo ndio wa kwanza kuondoka fundi akisafisha kwa nguvu. Ukikuta zabibu zinang'aa zote kama gololi, bila unga hata chembe, zimesuguliwa. Hiyo hairudi. Fundi anaweza kuupaka upya, lakini ni unga wake yeye.

Limau: njano yake nzuri ni ya risasi na bati. Wachoraji waliiacha katikati ya karne ya 18 na ikasahaulika kabisa hadi 1941 ilipotambuliwa tena maabara. Ukipimwa kwa mashine ya XRF ya mkononi, inayotambua madini ya rangi kwa eksirei, risasi na bati vikija pamoja kwenye njano ya asili, uko salama kwa karne. Kadmiamu au kromu zikijitokeza, ama ni kiraka ama mchoro wote ni wa karne ya 19 kuendelea. Msipime sehemu moja. Pimeni limau, jani na nyeupe ya kitambaa. Titani, nyeupe ya kisasa, kwenye kiraka si kosa, ni fundi wa baada ya 1920. Titani kwenye nukta ya mwanga ya kila zabibu ni habari mbaya.

Majani ya buluu: wageni huogopa wakidhani ni bandia. Kijani cha jani kilitengenezwa kwa buluu na njano ya mimea, na njano hiyo hupauka kwa mwanga, buluu ikabaki peke yake. Ni dalili ya uzee wa halali. Anayeyapaka kijani upya ndiye anayeharibu.

La mwisho: stroberi za Juni na zabibu za Septemba kwenye sahani moja si kosa. Walifanya kazi kwa michoro ya mazoezi waliyohifadhi, na tunda moja hurudi kwenye kazi kadhaa. Ndiyo maana mnapaswa kutafuta kwenye hifadhidata ya picha ya RKD, taasisi ya historia ya sanaa iliyoko Den Haag, ambayo ni bure mtandaoni. Mkikuta limau lile lile, ganda lile lile lenye mizunguko ile ile, na kila kitu kimekaa sentimita kwa sentimita, ulizeni picha ya infraredi, inayoonyesha yaliyo chini ya rangi. Mchoraji wa kwanza hubadilisha mawazo: kisu kimesogezwa, ukingo wa sahani umepanuliwa. Nakala huwa haina mashaka.

---

Kidole Gumba

Kwenye picha ya loti hii, yaani mchoro wetu wa mnadani, naona pia bakuli la Kichina la buluu na nyeupe ambalo mstari wa katalogi haukulitaja. Linasaidia kitu?

---

Danzi

Linasaidia mwaka wa chini. Vyombo hivyo vya enzi ya mfalme Wanli wa China, 1573 hadi 1620, vilianza kuonekana kwa wingi Uholanzi baada ya meli za Wareno kutekwa, São Tiago mwaka 1602 na Santa Catarina 1603, na shehena zao kupigwa mnada Middelburg na Amsterdam. Bakuli likiwepo, si rahisi mchoro uwe wa 1590. Ila bakuli hukaa kabatini miaka 60 na bado likachorwa, hivyo mwaka wa juu haliutaji.

Kwa watu wa pwani vyombo hivi si vigeni. Kauri ya Kichina ilipachikwa kwenye makaburi na misikiti ya Waswahili kabla Mholanzi hajawa na meli ya kuifuata. Na mwaka 1697, meli ya Wareno Santo António de Tanna ilipozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, ni mwaka ule ule mchoraji wa Kiholanzi Adriaen Coorte aliouandika kwenye mchoro wake wa fungu la asparaga uliopo Rijksmuseum, Amsterdam.

Na kwa kuwa Coorte ametajwa: vipande vyake ni vidogo, asparaga ile ni sm 25 × 20.5, na nyingi zimechorwa juu ya karatasi iliyogundishwa kwenye ubao. Ukingo wa karatasi huo mnautafuta kwa mwanga wa pembeni. Katalogi ikisema Coorte, mafuta moja kwa moja juu ya ubao, si lazima iwe uongo, lakini ulizeni swali la pili.

---

Mwananyundo

Narudi kwenye umiliki. «Mkusanyo binafsi, Ubelgiji» ni maneno matatu yasiyosema kitu. Mnachotaka ni miaka ya 1933 hadi 1945, enzi ya Wanazi na uporaji wao. Jacques Goudstikker, mfanyabiashara wa michoro wa Amsterdam, alikimbia Mei 1940 na kufia melini. Alikuwa na daftari dogo lenye orodha ya zaidi ya michoro 1,000 ya duka lake. Mali ikaishia mikononi mwa Göring, kigogo wa Wanazi, na wengine. Mwaka 2006 serikali ya Uholanzi ilirudisha kazi 202 kwa mrithi wake, nyingine bado hazijulikani zilipo. Lebo ya duka lake nyuma ya ubao ni furaha na hofu kwa pamoja.

Andikeni kuuliza: je, imekaguliwa na Art Loss Register, daftari la kazi za sanaa zilizoibwa au kupotea? Cheti kinaonyeshwa? Halafu wenyewe tafuteni kwenye Lost Art ya Magdeburg, hifadhidata ya Ujerumani ya sanaa iliyoporwa na Wanazi. Cheti safi hakisemi kwamba haikuibwa, kinasema haijaorodheshwa.

---

Hesabu Kwanza

Niwape namba, maana watu wanasimama kwenye bei ya nyundo, ile ya mwisho inayotangazwa na dalali, kana kwamba ndiyo bei.

Tuseme nyundo imeanguka pauni 16,000, London, ada ya mnunuzi asilimia 26 (someni ya nyumba husika, hubadilika). Ada ni 4,160. VAT ya asilimia 20 juu ya ada, 832. Mnatoa 20,992 kabla mchoro haujasogea. Mkipiga kupitia jukwaa la mtandaoni la watu wengine kuna asilimia chache juu yake. Alama ya mali iliyoingizwa kwa muda nchini, ikiwa pembeni ya namba ya loti, ina maana kodi ya uagizaji nayo ipo, na hiyo inapigwa juu ya nyundo. Haki ya msanii ya kulipwa kazi yake inapouzwa tena haihusu, wachoraji hawa wamekufa kitambo.

Mkisafirisha nje ya Uingereza, VAT ya ada huweza kurudishwa mkileta ushahidi wa usafirishaji ndani ya miezi mitatu. Mkichelewa siku moja imekwenda. Kutoka nchi ya Umoja wa Ulaya, mchoro wa zaidi ya miaka 50 na wenye thamani ya zaidi ya yuro 150,000 unahitaji kibali, kwa hiyo loti yetu haiguswi.

Forodha: mchoro wa mkono wenye umri wa zaidi ya miaka 100 unaingia namba 9701.21. Ankara itaje umri kwa maandishi, vinginevyo ofisa anauweka na mapambo ya ukutani. Sanduku la mbao liwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia zilizotibiwa, la sivyo linazuiliwa bandarini kwa ajili ya wadudu, na mchoro wenu unakaa juani kwenye kontena.

Hatua za kupandisha kati ya 10,000 na 20,000 kwa kawaida ni elfu moja moja, baada ya hapo mbili mbili. Bei ya siri ya muuzaji haizidi makadirio ya chini. Kwa hiyo 15,000 inaweza kutosha kama chumba kimelala.

---

Kidole Gumba

Na ukishafika Dar au Mombasa? AC inatosha?

---

FundiVanishi

AC inayowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Ubao huu umezoea unyevu wa asilimia 50 hivi. Pwani hewa ya kawaida iko 75 na zaidi. Ubao unavimba kukata nyuzi, rangi haivimbi, inainuka kama paa la bati lililong'oka. AC inapowaka unasinyaa tena. Kila siku mzunguko mmoja.

Dawa yake ni fremu yenye kioo mbele na mgongo uliozibwa kabisa, ndani mkiwa na karatasi au shanga za silika zilizoandaliwa kwa asilimia 50, na kipima unyevu kidogo kinachoonekana kutoka nje. Usiutundike kwenye ukuta wa nje, wala mkabala na dirisha. Ubao ushikwe kwenye fremu kwa vibati vinavyonyumbuka vyenye kizibo au sponji, kamwe si kwa msumari. Sanduku likifika, lisifunguliwe kwa saa 24 hadi 48, liache lifikie joto la chumba polepole.

Kwa unyevu wa namna hiyo, kama mnachagua kati ya ubao na turubai za hali sawa, chukueni shaba. Ndiyo, wapo waliochora matunda kwenye bamba la shaba, na bamba halijui masika. Lichunguzwe kona tu, maana likidondoka linapinda na rangi inaruka.

---

Mwananyundo

Tufunge kwa barua ya kuomba ripoti ya hali. Iandikwe angalau wiki moja kabla ya mnada, maana ripoti za siku ya mwisho huandikwa kwa haraka:

«Tafadhali tutumieni picha ya nyuma nzima na ya kingo nne, picha ya mbele chini ya UV, na picha ya sahihi kwa ukaribu. Je, kuna kiungo kilichoachia au ufa kwenye ubao, na umepunguzwa unene? Viraka viko wapi kwa kutaja sehemu: mandharinyuma, sahani, tunda gani? Je, utando wa zabibu ni wa asili? Kuna rangi inayoinuka sasa hivi? Mmetumia jina la mtaalamu gani kwa maelezo haya, na aliuona mchoro wenyewe au picha?»

Swali la mwisho ndilo linalojibiwa kwa maneno mengi kuliko yote. Jibu la «kwa picha» linapunguza thamani ya maoni hayo nusu nzima.

---

Danzi

Ongeza moja: picha ya UV wakileta ambayo mandharinyuma yote yana mng'ao mmoja mzito wa kijani, bila doa jeusi hata moja, usishangilie. Kuna vanishi zinazopakwa makusudi ili kuficha viraka vilivyo chini. Ombeni infraredi, au mtu wa kwenda kutazama kwa mwanga wa pembeni. Kiraka kina uso wake, kinalala laini katikati ya rangi iliyopasuka.

---

Kidole Gumba

Nimepata picha ya nyuma ya loti ile. Fito zipo, sita kwa tano, na mbili zimegoma. Katikati kuna ufa wa sm 12 unaoelekea kwenye komamanga.

---

FundiVanishi

Basi toa gharama ya fundi wa mbao na wa rangi kwenye namba yako kabla hujapiga. Kipimo changu kingekuwa nyundo ya 9,000, si zaidi. Wakianza 12,000, kaa na mikono mfukoni.